Barua ya wazi: Mpeni mkazi wa bondeni kipimo kama mnachompa nahodha

Kwa wenye dhamana ya utabiri wa hali ya hewa, usimamizi wa maafa, mabonde ya maji na serikali za mitaa katika mikoa ya Dar es Salaam na Pwani.

YAH: UTABIRI WA MSIMU WA MASIKA NA TAHADHARI YA MAFURIKO KATIKA BONDE LA MTO MSIMBAZI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa mkazi wa Kigogo, hatua zisizofika mia mbili kutoka ukingo wa Mto Msimbazi, katika majuma haya ambayo kila mwaka huja na jambo lile lile: wataalamu wa nchi 11 za ukanda wetu hukutana chini ya ICPAC, kituo cha utabiri wa tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za mashariki mwa Afrika, na kutoa mwelekeo wa mvua za Machi hadi Mei, kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatoa utabiri wa Masika kwa mikoa inayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Huwa nausoma utabiri huo wote, hadi ushauri kwa wafugaji, ijapokuwa sifugi hata kuku. Wanaoutayarisha sina ugomvi nao. Ninachotaka kuzungumza nanyi ni kile kinachotokea, au tuseme kisichotokea, kati ya siku utabiri unapotangazwa na usiku maji yanapoingia ndani.

Niruhusuni nianze na mipaka ya utabiri wenyewe, kwa kuwa mara nyingi wananchi tunaulaumu kwa jambo ambalo haukuahidi. Ukisoma kwamba kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua za juu ya wastani, maana yake ni kwamba imebaki asilimia 55 ya mambo kuwa vinginevyo, na huo wastani ni wa miaka 30 ya vipimo, wa jumla ya miezi mitatu, katika eneo linaloweza kuchukua mikoa kadhaa kwa pamoja. Msimu unaweza kumalizika chini ya wastani na bado usiku mmoja wa Aprili ukatutoa vitandani, kwa sababu mafuriko ya Msimbazi hayangojei jumla ya msimu. Yanaletwa na saa nne au tano za mvua ya radi iliyokaa mahali pamoja. Isitoshe, Masika ndiyo ngumu zaidi kutabiri miezi kadhaa mbele. Vuli hufuata kwa kiasi kikubwa El Niño na tofauti ya joto la maji kati ya magharibi na mashariki mwa Bahari ya Hindi, mambo ambayo huonekana mapema. Masika hutegemea zaidi mambo yanayozaliwa ndani ya majuma machache, kama ule mfumo wa mawingu wa Madden-Julian unaozunguka tropiki kwa siku 30 hadi 60, pamoja na vimbunga vya kusini magharibi mwa bahari hiyo. Mwaka 2019 Kimbunga Idai kilipiga Beira katikati ya Machi na kuvuta unyevu upande wa Msumbiji, na mvua zetu zikachelewa. Mwaka 2024 hali ilikuwa kinyume chake, na tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki dunia na zaidi ya 200,000, katika kaya zipatazo 51,000, wameathirika nchini kote.

Kwa hiyo kinachoweza kumwokoa mtu wa bondeni ni utabiri wa siku moja hadi tano, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa utulivu. Taarifa hizo hutolewa kwa ngazi tatu ambazo sasa hata watoto wa shule wanazitaja: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Chukueni taarifa ya siku moja yenye sehemu ya baharini na sehemu ya nchi kavu, mziweke mezani sambamba. Kwa baharini mtakuta upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Nahodha pale Feri hahitaji mtu wa kumfafanulia. Anajua mawimbi ya mita 2 yanakifanya nini chombo chake, na alfajiri ile ile anaamua kutweka au kubaki na nanga yake chini. Kwa nchi kavu mtakuta mvua kubwa katika maeneo machache ya mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam, uwezekano wa kutokea ni wastani, kiwango cha athari ni wastani, na baadhi ya makazi yanaweza kuzungukwa na maji.

Makazi yapi? Maji ya kimo gani? Kuanzia saa ngapi?

Mvua kubwa kitaalamu ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na mimi binafsi naielewa kwa kuwa nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi: milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1, kwa hiyo milimita 50 juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50. Jirani yangu anayekaanga mihogo karibu na daraja hana kazi na hesabu hiyo. Anachotaka kujua ni kama usiku wa leo maji yataishia mtoni, yatafika kwenye kizingiti chake, au yatafika dirishani, maana kwa kila jibu kati ya hayo ana kitu tofauti cha kufanya kabla hajalala.

Nyumbani kwangu kipimo cha namna hiyo kipo, nacho ni ukuta wa sebule. Alama ya juu kabisa ni ya Desemba 2011, iko juu ya swichi ya taa, karibu usawa wa bega langu. Katika siku ile zilinyesha milimita 156.4 kwa saa 24, kiasi ambacho jiji halikuwa limekiona tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kumbukeni kwamba hiyo haikuwa Masika hata kidogo, ilikuwa mkia wa Vuli. Chini yake ipo alama ya Aprili 2014, na chini zaidi, usawa wa soketi, ipo ya Aprili 2018, ambayo kwa kimo ni ndogo lakini kwangu ndiyo iliyoniuma zaidi kwa sababu iliondoka na friji niliyokuwa sijamaliza kuilipia. Nilikuwa nimeiweka juu ya kreti moja ya soda. Siku hizi inakaa juu ya kreti mbili mwaka mzima, na wageni wameacha kuuliza.

Usiku ule wa 2018 ndio ulionifundisha jambo ambalo taarifa za hali ya hewa bado hazijalibeba. Kwetu Kigogo yalikuwa yamepita manyunyu tu, yakakatika. Saa nne usiku shemeji yangu anayeishi upande wa Pugu akanipigia simu: “Shem, huku mvua haina masihara na mto unanguruma, nyanyueni vitu.” Saa saba usiku maji yalikuwa uani. Tulipewa saa tatu, na karibu mbili kati yake tulizimaliza kwa kubishana, mimi nikiwa mbishi wa kwanza, kwa kuwa nilitoka nje nikaangalia juu nikaona nyota. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, unateremka kilomita zipatazo 35 ukipita Vingunguti, Tabata, Buguruni, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Mvua inayotuzamisha sisi mara nyingi imenyeshea wengine. Lakini taarifa ikisema “Dar es Salaam”, humo kuna Bunju, kuna Kigamboni, kuna Chanika, na kuna sisi, ilhali sehemu ya maji yetu imetoka mkoa mwingine kabisa.

Shemeji yangu hana rada. Ana macho, simu na huruma ya kindugu, na kwa usiku ule alitufaa kuliko chombo chochote. Ninachoomba ni kwamba huruma hiyo igeuzwe kuwa utaratibu, ili hata asiye na shemeji Pugu aipate. Nguzo za madaraja matatu au manne ya sehemu ya juu ya mto, kuelekea Pugu, zipakwe rangi kwa vipimo vya mita, na katika kila daraja awepo mtu wa jirani, anayejulikana na serikali ya mtaa wake, mwenye wajibu wa kusoma kimo cha maji kila nusu saa inapotolewa tahadhari na kukituma kwa wenyeviti wa mitaa ya chini. Mtu huyo alipwe posho. Najua neno hilo linavyowashtua wahasibu, lakini posho ya wasomaji wanne kwa miezi mitatu haiwezi kulinganishwa na gharama ya kufunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani kwa siku moja, mabasi ya mwendokasi yakasimama na nusu ya jiji ikatembea kwa miguu.

Kikwazo, kwa jinsi ninavyokiona mimi, ni kwamba mto huu mmoja una madaftari mengi. Mvua inapimwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Maji ya mto yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Chanzo kiko Mkoa wa Pwani. Ukingo wangu ni wa Kinondoni na ukingo wa pili ni wa Ilala. Kila mmoja ana taarifa yake, na kila mmoja, nikiri, huifanya kazi yake, ila maji hayasimami mpakani kusubiri barua ya kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Ramani zipo: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa, mitaro na sehemu zinazojaa maji katika kata nyingi za jiji, na wazee wa mtaani walitembezwa wakaonyesha kwa vidole maji yalifika wapi. Kilichobaki ni kuziunganisha ramani hizo na vipimo vya daraja, ili siku maji yakifika mstari fulani kwenye daraja la juu ijulikane ni nyumba zipi za chini zinazoingiliwa na baada ya muda gani. Hesabu hiyo itabidi irudiwe kila mwaka, kwa sababu mchanga na taka vinapandisha sakafu ya mto, na milimita zile zile za zamani leo zinaleta maji ya juu zaidi.

Liko jambo jingine ambalo wavuvi wanalijua kwa moyo na taarifa za mafuriko hazilitaji kabisa, nalo ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hujaa na kupwa kwa tofauti inayozidi mita 3, na maji yanapojaa pale Selander mto hauna pa kumwaga. Unasimama, unarudi nyuma, unatandaa Jangwani. Mvua ile ile ikishuka wakati wa maji mafu, siku ambazo tofauti hiyo huwa ndogo, au saa ya kupwa, inaweza kupita bila kugusa kizingiti. Jedwali la maji kujaa na kupwa hujulikana mwaka mzima kabla, halina shaka wala asilimia. Ni kitu gani kinachozuia taarifa ya mvua kubwa isiongezewe sentensi moja inayosema kwamba kesho ni bamvua na bahari itajaa saa kumi alfajiri, hivyo mvua ya usiku wa manane iogopwe kuliko ya asubuhi? Sentensi hiyo moja ingetufaa watu wa bondeni kuliko kurasa nyingi za mwelekeo wa msimu.

Nikirudi kwenye ngazi tatu za tahadhari, ombi langu kubwa ni kwamba kila ngazi ifungwe kwenye kazi, na kila kazi ifungwe kwenye cheo cha mtu. Hatuanzi sifuri. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia Mafia, tahadhari ilifuatana na amri: safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na watu wakaelewa bila kuelezwa mara mbili kwamba jambo hili si la mchezo. Kwa mvua za radi za kawaida za Aprili, ambazo kwa miaka yote zimetuua kuliko vimbunga, hakuna amri ya namna hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazo kamati za maafa hadi ngazi za chini. Basi ibandikwe kwenye ofisi ya kila serikali ya mtaa wa bondeni karatasi moja, kwa maandishi makubwa, inayosema kwamba likitoka angalizo mtendaji wa mtaa anakagua mitaro na kuwataarifu wajumbe wa mashina. Ikitoka tahadhari wagonjwa, wazee na wajawazito wanahamishwa kabla ya magharibi, na shule iliyoteuliwa inafunguliwa. Ikitoka tahadhari kubwa umeme wa mitaa iliyotajwa unakatwa kabla maji hayajafika kwenye soketi, na misikiti na makanisa yanatangaza kwa vipaza sauti.

Nimeitaja shule makusudi. Usiku ule wa 2018, tukiwa na watoto mabegani na godoro moja lililosalimika, tulipanda hadi kwenye lango la shule moja tukakuta limefungwa. Mlinzi, mtu mwema ambaye hadi leo tunasalimiana, alitueleza kwa aibu kwamba hana ruhusa, na kwamba mwenye ufunguo analala Mbagala. Tulikaa chini ya ukingo wa paa la duka hadi asubuhi, radi zikipiga na mabati yakitetemeka juu yetu. Simlaumu yeye wala aliyelala Mbagala, kwani hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ufunguo ule ni sehemu ya utabiri wa hali ya hewa.

Najua jibu litakalokuja kwanza, kwa kuwa tumelisikia tangu enzi za wazazi wetu: hameni mabondeni. Wapo waliohama. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa dola milioni 200 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, umekuja na fidia, na pamoja nao unakuja ujenzi wa daraja jipya la Jangwani. Naupongeza bila kigugumizi. Lakini daraja na mto kupanuliwa ni kazi ya miaka, na katika miaka hiyo Masika zitaendelea kuja kwa zamu yake. Tena wapo wapangaji ambao chumba cha bei wanayoimudu wanakipata huku huku, leo anatoka mmoja na kesho anaingia mwingine asiyejua hata mto unakopita. Huyo mgeni wa juzi, ambaye hana alama ukutani wala shemeji Pugu, ndiye anayehitaji taarifa kamili kuliko sisi wenyeji.

Kuhusu mitaro sitasema mengi, kwa kuwa imesemwa sana. Niseme tu kwamba kuzibua mtaro kuna tarehe yake. Mwaka mmoja mtaro wa mtaani kwetu ulizibuliwa wiki moja baada ya mafuriko, na tope lote likarundikwa kandokando likisubiri gari. Gari halikuja, mvua ilikuja, na tope likarudi mahali pake kwa utaratibu kabisa. Ikiwa mwelekeo wa msimu hutolewa kabla ya Machi, basi walau matumizi yake moja yako wazi: kazi ya mitaro iwe imekamilika, na tope liwe limeondolewa, kabla ya Aprili, ambao kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa pwani. Na itangazwe hadharani mtaro upi umezibuliwa na upi bado, ili anayelala kando ya ule ambao bado ajue.

Mwisho, Waheshimiwa, nina la kujitolea. Ukuta wangu uko wazi kwa mtaalamu yeyote wa Mamlaka, wa bonde au wa manispaa atakayetaka kuja na futi kupima alama zangu, na ninao majirani wasiopungua watano wenye kuta kama huo, mmoja akiwa na alama iliyoandikwa na marehemu baba yake. Tarehe na saa za kila alama tunazikumbuka. Mkija kabla ya mwezi wa tatu tutawatembeza hadi darajani tukawaonyeshe mstari mwekundu upakwe wapi. Rangi tutachanga wenyewe, ninyi leteni mtu wa kupima na namba ya simu ambayo ikipigwa saa saba usiku inapokelewa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kigogo, mwalimu mstaafu,
Dar es Salaam.